Wasia Uliokufa Kabla ya Mwenyewe

Mume wangu alisema wasia wake Jumamosi, tarehe 6 Mei 2023, saa nane mchana, mbuzi akiwa juu ya moto. Alifariki Jumamosi, tarehe 19 Agosti mwaka uo huo. Mtu anayesoma haraka ataona hapo tarehe mbili tu za nyumba moja iliyopatwa na msiba. Mimi nami niliziona hivyo kwa zaidi ya mwaka mzima, ingawa si mtu wa kusoma haraka.

Kusoma nilikuanza nikiwa na umri wa miaka thelathini na minane, katika darasa la ngumbaru lililokuwa likifanyika nyuma ya kanisa letu, upande huu wa Nyeri unaotazama milima ya Aberdare. Mtihani wa darasa la nane niliufanya wiki moja na kitinda mimba wangu, yeye katika shule yake, mimi katika kituo cha watu wazima. Alama zetu sitazitaja, kwa sababu yeye yu hai na ana watoto wanaomheshimu. Nasema haya ili ieleweke kwamba siku ile ya mbuzi, nyumbani kwetu palikuwa na mtu aliyejua kuandika, na mtu huyo alikuwa akikata kachumbari.

Mzee alikuwa mgonjwa wa mapafu. Daktari alikuwa amemtazama kwa muda mrefu na kumwambia maneno machache, na mume wangu, aliyejua kupima watu kwa maneno yao, alirudi nyumbani na kuagiza mbuzi. Kwetu mwanaume anayehisi safari yake imekaribia hufanya hivyo. Mbuzi huchinjwa, wazee wawili wa jirani huitwa, watoto hukaa chini, na baba husema nani atakaa wapi. Akishasema, imekwisha. Neno lililosemwa juu ya nyama halihitaji kitu kingine chochote, na mtu anayeleta karatasi mahali hapo huonekana kama mtu aliyekuja na bakuli lake kwenye karamu ya wenyewe.

Tuna watoto watatu. Mkubwa wa kiume anauza vifaa vya ujenzi Nanyuki: saruji, mabati, misumari. Wa pili ni binti, aliyeolewa upande wa Kangema, akakaa huko miaka sita, akarudi nyumbani na kitanda chake na ng'ombe mmoja. Wa mwisho anafanya kazi katika kinu cha mchele Wang'uru. Shamba letu linaanza barabarani, linateremka na mibuni ya kahawa, linapita nyumba yangu, linateremka tena na mibuni mingine hadi kijitoni. Huko chini, mahali penye unyevu panapofaa nduma na majani ya ng'ombe na si kitu kingine, ndipo binti yangu alipojenga nyumba ya mbao na zizi. Kila alfajiri hupanda na mtungi wa maziwa begani hadi barabarani, akikatiza katikati ya kahawa.

Mzee aliketi kwenye kiti cha plastiki kando ya tangi la maji, amejifunika blanketi. Alisubiri nyama ikatwe. Alimpa binti yangu figo kwa mkono wake mwenyewe, sehemu ambayo kwetu ni ya mabinti, akamwambia ale kabla hazijapoa. Kisha akasema.

"Kahawa ni ya hawa wawili. Wagawane katikati, wasipigane. Kule chini, mahali msichana amejenga, ni kwake. Si kwa kukopeshwa. Ni kwake. Nyumba ni ya mama yao mpaka aichoke."

Mzee mmoja wa jirani akasema, "Tumesikia." Wa pili akasema, "Tumesikia." Mwanangu mkubwa akasema, "Sawa, Baba." Tukaomba, tukala. Huo ndio uliokuwa wasia.

Tatizo lilianza pale mume wangu alipopona.

Sisemi kwamba alipona kabisa. Lakini nilikuwa nimeamua kwamba kama anaondoka, hataondoka kwa njaa iliyotoka jikoni mwangu. Nilimpa uji wa wimbi asubuhi, supu ya miguu ya ng'ombe mchana, na dawa kwa saa zilizoandikwa. Kufikia Juni alikuwa anatembea hadi barabarani. Kufikia Julai alikuwa amegombana na karani wa kiwanda cha kahawa juu ya mizani, nami nikajua kwamba amerudi. Wazee wawili waliokuja kwa ajili ya mbuzi walikuwa wakimwona njiani na kuona haya kidogo, kama watu waliomuaga mgeni kisha wakamkuta bado sebuleni.

Nilijaribu mara moja kumgusia jambo la kuandika. Tulikuwa tunachambua maharagwe.

"Baba watoto, yale maneno ya siku ya mbuzi. Niyaandike, uweke kidole?"

"Kwani walikuwa wamelala?"

"Walisikia."

"Sasa unataka niseme tena? Nikirudia, watasema siku ile nilikuwa nadanganya." Akatupa jiwe alilolitoa kwenye maharagwe. "Ama una haraka nami?"

Hapo ndipo mazungumzo yalipoishia, kwa sababu kwetu hakuna njia ya kumuuliza mtu anayepata nafuu habari ya mali yake isiyosikika kama kumuuliza anaondoka lini. Nilirudi kwenye maharagwe.

Jumapili, tarehe 6 Agosti, naikumbuka vizuri. Alikula nduma tatu na kulalamika kwamba chai haina majani ya kutosha. Sasa ninajua kwamba siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwa wasia wake, na kwamba kesho yake ulikuwa umekufa. Sisi hatukujua. Tulimwongeza chai.

Baada ya wiki mbili alilala na hakuamka. Daktari alisema ni moyo. Mapafu, alisema, yalikuwa yanaendelea vizuri. Mume wangu alikufa kwa kitu ambacho hatukukichinjia mbuzi.

Nilivaa nguo nyeusi kwa muda niliouona unafaa, na sikulia mbele ya watu ambao sikuwaalika. Mwaka ukapita na miezi kadhaa. Mzee mmoja kati ya wale wawili waliosema "tumesikia" akamfuata rafiki yake. Aliyebaki husikia kwa sikio la kushoto peke yake, tena kama umesimama karibu.

Januari 2025, akina mama wa kanisa letu walimwalika wakili kutoka mjini aje atufundishe jinsi ya kupanga mambo ya uzeeni. Alikuwa msichana mdogo, mwenye viatu ambavyo havikuwa vya matope yetu, naye alianza vizuri. Alituuliza ni nani atakayesema na daktari siku ambayo sisi wenyewe hatutaweza kusema. Alituuliza ni nani tumemwandikisha kwenye ushirika wa akiba, na kama mtu huyo bado tunampenda. Kisha akatamka neno wasia, na ukumbi ukachafuka.

"Ashindwe!" akasema mwenyekiti wetu, mikono juu.

"Mimi nikiandika hiyo karatasi leo," akasema mwingine, "kesho mtoto ananiuliza, Mami, mbona bado uko?"

"Wako atauliza hata usipoandika," jirani yake akamjibu, na tukacheka kwa dakika nzima.

Wakili alingoja kicheko kiishe. Akasema kwamba wengi wetu tunategemea maneno ya mdomo, na kwamba sheria inayatambua, mradi yamesemwa mbele ya mashahidi wawili, na mradi msemaji awe amefariki ndani ya miezi mitatu tangu aliposema. Akiishi zaidi ya hapo, maneno yanaanguka. Sheria inamhesabu kuwa mtu ambaye hakusema lolote.

Nilinyosha mkono.

"Na kama aliishi zaidi kidogo?"

"Kidogo kiasi gani, Shosho?"

Aliniita Shosho, kama bibi yake. Nilimsamehe. "Kutoka Mei sita hadi Agosti kumi na tisa."

Aliniangalia. Nadhani alikuwa amezoea watu wanaosema "wakati wa mvua". "Pole," akasema. "Hayo yalianguka."

Nilirudi nyumbani kwa miguu ingawa palikuwa na pikipiki. Kila kitu tulichokifanya katika miezi ile kilikuwa sahihi: uji, supu, dawa. Kwa kila kijiko nilichomlisha nilikuwa nauondoa udongo chini ya miguu ya binti yangu. Pale alipopewa siku ile hapakuwa mahali pake tena, na yeye alikuwa huko chini akikata majani ya ng'ombe, hana habari. Sikujuta kumlisha mume wangu. Nasema tu jinsi mambo yalivyokuwa.

Wakili aliniambia kwamba sasa tuna njia moja: mirathi ifunguliwe, na watoto wote watatu waketi, wakubaliane jinsi ya kugawana, watie sahihi. Wakikubaliana kufuata maneno ya baba yao, mahakama haitakuwa na neno. Asipokubali mmoja, sheria itagawa yenyewe. Nikawaita waje ofisini kwake, Nyeri mjini, Jumanne, tarehe 11 Februari, saa nne asubuhi.

Mkubwa alikuja akiwa na koti na jibu lake tayari. Kumbe naye alikuwa ameulizauliza. Muuza saruji hukutana na kila aina ya mtu, na mmoja kati ya wateja wake alikuwa amefanya kazi mahakamani.

"Mami, mimi sina ubaya," akasema, kabla hata hatujakaa vizuri. "Lakini tuseme ukweli. Hiyo maneno ya Baba iko kama saruji. Ukikaa nayo miezi tatu kwa gunia bila kuitumia, inakuwa jiwe. Sisi tuliikaa nayo."

"Kwa hivyo unataka nini?" ndugu yake mdogo akamuuliza. Alikuwa amekuja na mandazi mawili kwenye mfuko wa karatasi, moja amelimaliza.

"Nataka turudi mahali tulikuwa. Shamba ya baba inaenda kwa wavulana. Dada yetu si eti namfukuza. Atakaa. Nani amesema hatakaa? Lakini kule chini kuna maji. Nataka kuweka bwawa la samaki. Siwezi kuweka pesa yangu kwa mahali pa mtu."

"Nitakaa kama nani?" binti yangu akauliza. Alikuwa amevaa viatu vya mpira kwa sababu alitoka moja kwa moja zizini, na alikuwa akiviangalia.

"Kama dada. Kwani ulikuwa unakaa kama nani?"

"Kama mwenye mahali."

Nilikuwa na mengi ya kusema, na niliyaweka. Mwanamke aliyezaa watu watatu akianza kumtetea mmoja mbele ya mgeni, wale wawili hawasikii tena hoja, wanasikia mapenzi. Niliweka mikono juu ya mkoba wangu na kumtazama wakili.

"Kwa jambo moja, yuko sahihi," wakili akasema. "Wasia wa mdomo wa marehemu ulipitwa na muda."

Mwanangu mkubwa akaegemea kiti.

"Kwa hiyo sheria inamchukua kama mtu aliyefariki bila wasia. Mama yenu anakaa juu ya shamba lote na kulitumia maisha yake yote. Akishaondoka, linagawanywa sawasawa kwa watoto watatu."

"Watoto watatu gani?"

Wakili akaviangalia viti vilivyokuwa mbele yake, kimoja baada ya kingine. "Ninaona watatu."

"Lakini huyu aliolewa!"

"Sheria haiulizi kama aliolewa."

"Na nilirudi," binti yangu akasema. "Ulinisaidia kubeba kitanda."

Yule wa Wang'uru alikuwa amefikia andazi la pili. "Theluthi ya shamba yote," akasema polepole, kama mtu anayeonja. "Na kahawa ndani. Kaka, hebu hiyo jiwe yako irudi kuwa saruji."

"Nyamaza wewe."

"Nimenyamaza."

Mwanangu mkubwa hakuwa akiegemea kiti tena. Lakini mimi sikuwa nikimtazama yeye. Nilikuwa nikimtazama binti yangu, ambaye alikuwa ameinua macho kutoka kwenye viatu, na moyo wangu ulikuwa umeshuka mahali pabaya kuliko mwanzo. Nilikuja pale nikiogopa kwamba angepokonywa kile alichopewa na baba yake. Sasa alikuwa anaweza kupata mara tatu ya kile, tena kahawa, tena barabarani, kwa kusema tu kwamba baba yake hakusema kitu. Nisingekuwa na haki ya kumlaumu. Ni yeye aliyebeba mitungi ile miaka yote. Ila ingekuwa kwamba mume wangu aliketi kwenye kile kiti cha plastiki, na pumzi yake ile fupi, akapiga kelele tu.

"Mimi nilipewa kule chini na Baba," binti yangu akasema. "Nilikula figo nikiwa hapo. Sijasahau kwa sababu ya miezi. Nataka ile yangu."

Kaka yake akapumua.

"Sijamaliza. Baba alinipa mahali, hakunipa njia. Nikipanda na maziwa napita kwa kahawa yenu. Siku mkiweka ua nitapaa? Nataka ile yangu, na njia mpaka barabarani. Ya kuingia pikapu."

"Pikapu! Hiyo ni laini nzima ya kahawa! Unajua kahawa ni pesa ngapi siku hizi?"

"Najua. Mimi ndiye huichuma."

"Njia ya miguu nakubali. Hata ya mkokoteni."

"Ya pikapu," akasema, akasimama. "Ama theluthi. Mimi nina ng'ombe wa kukamua."

Akatoka. Wakili akaandika kitu. Mwanangu mkubwa akaniambia, "Mami, umeskia huyu?" nami nikamjibu kwamba nimesikia, kwa sauti ileile ya wale wazee wawili.

Alirudi Nanyuki na hakupiga simu Machi yote. Aprili alipiga kuuliza hali ya ng'ombe, wanyama ambao hajawahi kuwaulizia tangu azaliwe. Nilimpa habari za ng'ombe. Mei alipiga kuuliza kama pikapu hupita kwenye nafasi ya mita tatu. Nikamwambia kwamba mimi siendeshi.

Sikukaa bure wakati huo. Nilikuwa nimekwisha kuona kinachotokea kwa maneno, nikaamua kwamba yangu hayatategemea afya yangu. Shamba halikuwa langu kuliandikia, hilo wakili alinieleza wazi. Mimi ninalikalia tu. Lakini nina ng'ombe wawili, hisa za ushirika, akiba yangu ya benki, na vyombo vya nyumba nilivyonunua mwenyewe. Niliandika nani apate nini. Niliandika nani aongee na daktari, na kwamba mtu huyo ni binti yangu, kwa kuwa kaka zake wakiona damu hukaa chini. Niliandika nizikwe kando ya mume wangu, upande wa kulia, kwa sababu upande wa kushoto maji ya mvua hutuama.

Kilichokuwa kigumu ni mashahidi. Walitakiwa wawili, watu wasiopata kitu katika wasia. Mwenyekiti wetu wa akina mama alisema angenifanyia jambo lolote ila hilo, akaniombea papo hapo. Rafiki yangu wa siku nyingi alilia mpaka nikalazimika kumfariji. Mwishowe nikapata mwongozaji wa kwaya, ambaye hutia sahihi kila kitu bila kusoma, na jirani wa upande wa pili wa kijito, mama ambaye hatujasemezana naye tangu ng'ombe wake alipoingia kwenye mahindi yangu. Huyo alikuja mjini na kitambaa kipya kichwani. Aliponiona nikiandika jina langu chini ya wasia wangu, naye akaandika lake, kwa furaha ambayo sikuipenda.

"Sasa uko tayari," akaniambia.

"Nawe utakuwa shahidi," nikamjibu. "Kwa hiyo jitunze."

Jumamosi, tarehe 14 Juni, saa tatu asubuhi, mwanangu mkubwa aliingia uani na gari lake la mizigo. Nyuma kulikuwa na vigingi vya chuma, uzi wa kupimia, na mbuzi dume mwenye rangi ya majivu. Ndugu yake wa Wang'uru aliteremka upande wa pili na gunia la mchele. Walimfunga mbuzi kando ya tangi la maji. Mkubwa akachukua kiti cha plastiki, kilekile, akakiweka mahali palepale, lakini hakukikalia. Alisimama nyuma yake, ameshika mgongo wake kwa mikono miwili.

"Dada yuko wapi? Aitwe."

Binti yangu akapanda kutoka chini, akifuta mikono. Mzee wa sikio la kushoto alikuwa ameshaitwa, tena amewekwa upande unaofaa.

"Mimi nilikuwa hapa siku ile," mwanangu mkubwa akasema. "Nilisema, sawa Baba. Hakuna mtu alinilazimisha. Niliambia watu kuwa maneno ya mzee yamekuwa jiwe." Akakohoa. "Kule chini ni kwa dada yangu. Si kwa kukopeshwa. Na njia apewe. Mita tatu. Nimepima pikapu."

"Na ukingo wa njia?" binti yangu akauliza.

"Mita tatu na nusu! Wewe ni mtu wa aina gani?"

"Wa kwenu."

Mzee wa jirani akasema, "Tumesikia," ingawa sasa alikuwa peke yake. Wakapiga makofi. Kitinda mimba wangu akaanza kunoa kisu kwenye jiwe la kuoshea. Mwanangu mkubwa alikuwa na machozi, na nilijua nikimwangalia sana nami nitapata shida hiyohiyo, kwa hiyo niliingia ndani na kutoka na koti langu na mkoba.

"Mami, unaenda wapi?"

"Mjini. Ofisi ya wakili hufungwa saa saba. Ingieni kwenye gari."

"Lakini nimeshasema! Mbele ya watu!"

"Baba yako pia alisema."

"Basi tule kwanza, twende Jumatatu."

"Mbuzi atangoja," nikasema. "Hana miadi."

Wakatazamana. Kisu kikawekwa juu ya tangi. Tulienda mjini sote wanne, mimi mbele, wale wawili wa umri mdogo nyuma pamoja na vigingi, na mzee wa jirani tukamwacha amlinde mbuzi. Wakili alisoma makubaliano kwa sauti, kipande kwa kipande: kahawa kwa wale wawili, katikati, kipande cha chini kwa binti, njia ya mita tatu na nusu hadi barabarani, mimi juu ya vyote hadi nitakapokwenda. Nikaomba nisome mwenyewe tena. Nilisoma polepole, kwa sauti, kila neno, na hakuna mtoto wangu aliyethubutu kuangalia saa. Mkubwa akatia sahihi kwanza, akaibonyeza kalamu kama mtu anayepigilia msumari. Mahakama ina mwendo wake na ilichukua muda wake, lakini hakuna aliyebadilisha neno baada ya siku hiyo.

Tuliporudi, mbuzi alikuwa amekula nusu ya bustani yangu ya maua na mzee alikuwa amelala. Mwanangu mkubwa hakumgusa mbuzi bado. Alichukua jembe akaenda kwenye kahawa, akanyosha uzi kutoka barabarani hadi chini, akaanza kung'oa mibuni ya laini ile mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, akinung'unika bei ya kila mmoja. Dada yake akaja na panga akakata mizizi. Sikusikia wakisema jambo lolote la maana. Nilisikia, "Shika huko," na "Si hivyo," na mara moja kicheko, sikujua cha nani.

Nyama ilikuwa tayari jioni, jua likiwa bado juu ya milima. Mkubwa alikata mwenyewe. Alizitoa figo, akazishika kidogo kwenye ncha ya kisu, akampelekea dada yake bila kusema kitu. Dada yake akazila kabla hazijapoa.

Kisha wakaniletea kiti cha plastiki. Wakaniketisha kando ya tangi, kitinda mimba akanitupia blanketi magotini ingawa hapakuwa na baridi, na wote wakanyamaza, pamoja na mzee, aliyegeuza sikio lake zuri upande wangu. Nikaelewa kwamba walikuwa wakingoja neno.

Niliwatazama mmoja mmoja. Yote niliyokuwa nayo yalikuwa mjini, kwenye kabati la chuma, yana tarehe na mashahidi wawili, na yanaweza kukaa huko miaka ishirini bila kuharibika.

"Kuleni," nikasema.